Mwonevu na Mwonewa Wote ni Watoto Wetu

(Mazungumzo ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, yamechapwa hapa kwa agizo la Halmashauri)



Kazi ya karani, kama mjuavyo, ni kuandika yasemwayo na wengine, wala si kusema yake mwenyewe. Mwaka hata mwaka tumesimama hapa tukasoma hesabu za ada, za mazishi na za karo, kisha tukaketi. Safari hii Halmashauri imetuamuru tuzungumze juu ya jambo lililotokea katika orodha ya watoto wanaosaidiwa na Chama, kwa kuwa barua zote za jambo hilo zilipita mikononi mwetu. Twawaomba radhi wazee kwa neno lolote litakalozidi umri wetu.

Habari yenyewe ni hii. Katika muhula wa pili wa mwaka huu tunaoutolea ripoti, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye Chama humlipia nusu ya karo, alitoroka usiku katika shule ya bweni huko bara. Alitembea mpaka barabara kuu, akapata dereva wa lori mwenye huruma, akafika Changamwe alfajiri hana viatu. Baba yake alipofungua mlango hakumwuliza neno. Alitwaa mkanda akampiga kwa kosa la kupoteza fedha za watu. Siku ya tatu, mama yake alipokuwa akimkanda mgongo kwa maji ya moto, aliona alama ambazo si za siku ile. Zilikuwa kuukuu, nyingine zimekwisha kupona. Ndipo kijana aliposema. Tangu wiki ya kwanza alikuwa akimfulia nguo kijana mkubwa wa bweni lake, akimpa sukari yake na mkate wake, akilala sakafuni godoro lake likiwa juu ya kitanda cha mwingine, na akichapwa kila alipochelewa kuitika.

Yule kijana mkubwa alikuwa nani? Alikuwa kiranja wa bweni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Naye pia, Bwana Mwenyekiti, ni mtoto wa Chama hiki, na karo yake hutoka katika mfuko ule ule.

Shule imemrudisha yule mkubwa nyumbani. Baba wa yule mdogo amekataa kumpeleka mwanawe tena. Mama wawili waliokuwa wakikopeshana chumvi hawaamkiani. Na mbele yenu leo pana azimio la kulifuta jina la yule mkubwa katika orodha ya karo. Kabla hamjapiga kura, twaomba mtusikilize. Wazazi wa pande zote mbili wametupa ruhusa ya kuyasema haya, nao wamo humu ndani. Wengi mwawajua. Basi heshima yao twaiweka mikononi mwenu.

Kwanza yafaa tujue uonevu ni nini, maana si kila ugomvi wa vijana ni uonevu. Vijana wawili wenye nguvu sawa wakipigana uwanjani, huo ni ugomvi, na jioni huenda wakala sahani moja. Bwana Dan Olweus, mtaalamu aliyezaliwa Uswidi na kufanya kazi miaka mingi nchini Norwei, aliyefariki mwaka 2020, alianza kuchunguza jambo hili kwa utaratibu katika miaka ya 1970. Alieleza kwamba uonevu una alama tatu: hufanywa kwa kukusudia, hurudiwa mara kwa mara, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea mbele ya anayemfanyia. Nguvu hiyo yaweza kuwa ya mwili, au ya cheo, au ya wingi wa watu. Wala si kupiga tu. Kumpa mtu jina la aibu, kumtenga asikae na wenzake, kumnyang'anya chakula, na siku hizi kumtangaza vibaya katika simu, yote ni uonevu.

Nalo si jambo la shule moja. Shirika la UNESCO lilitangaza mwaka 2019 kwamba katika dunia nzima karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia kuulizwa. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa katika shule za sekondari za serikali mjini Nairobi, ukatolewa mwaka 2007, uliwauliza wanafunzi zaidi ya 1,000, na zaidi ya sita katika kila kumi walisema wamekutana na uonevu wa namna moja au nyingine. Basi mtu asiseme, "Kwangu halimo." Katika orodha yetu ya karo, hesabu hiyo ingekuwa wengi.

Twajua kuna wazee watakaosema, na wengine wamekwisha kutuambia, "Hayo ni mambo ya kawaida. Sisi nasi tulipita katika jando, tukaona baridi na njaa na fimbo, tukawa wanaume." Neno hilo twaliheshimu. Lakini twaomba tulitazame vema. Katika jando la wazee wetu kijana hakuachwa peke yake. Alikuwa na mlezi aliyejulikana kwa jina na kwa ukoo. Mlezi huyo alimwuguza, alimfundisha, na kama kijana akidhurika, mlezi alijibu mbele ya wazazi na mbele ya mji mzima. Shida ilikuwa na mwisho unaojulikana, na siku ya kutoka kijana alipokewa kwa nyimbo. Je, yanayotendeka bwenini usiku wa manane yana mlezi gani? Nani anajibu? Mwisho wake ni lini? Desturi ya mwanafunzi mdogo kuwa mtumishi wa mkubwa haikutoka katika jando letu. Ilikuwa desturi ya shule kubwa za bweni za Uingereza zamani, ambako mdogo alipiga viatu rangi na kumpashia mkubwa mkate. Basi tusiitetee kana kwamba tuliachiwa na babu zetu.

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Wengi wetu twafikiri uonevu huzaliwa shuleni: walimu wamelegea, viranja wamepewa nguvu mno, mabweni yamejaa. Hayo nayo yana ukweli. Lakini mtoto hafiki shuleni mtupu kama debe jipya. Afika miaka yake kumi na minne amekwisha kufundishwa kwao jinsi mwenye nguvu anavyomtendea asiye nazo. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Hutazama na mkono wa baba pia.

Sisi tuliipeleka barua ya shule nyumbani kwa yule kijana mkubwa. Ilikuwa jioni, baba yake ametoka zamu bandarini, amechoka. Aliisoma barua, akamwita mwanawe, akamsimamisha mbele yetu mikono nyuma, akamtukana kwa majina ambayo mtu hamwiti hata mnyama wake. Kijana hakujibu. Uso wake ulikuwa kama ukuta. Lakini tuliona jambo jingine. Mdogo wake, mtoto wa miaka kama tisa, aliambiwa alete maji. Ilimbidi apite karibu na kaka yake. Alipomfikia aliinua mkono akaufunika kichwa, kisha akapita upesi. Hakuna aliyekuwa amemgusa. Ilikuwa ni mazoea tu. Tukafahamu kwamba mambo ya bwenini hayakuanza bwenini.

Baba alitutazama naye akawa ameona. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Karani, nami nililelewa hivi hivi." Ndiye aliyetuambia tuyaseme haya mkutanoni, nasi twamshukuru kwa ujasiri wake, kwa kuwa amesema kwa niaba ya nyumba nyingi.

Waliochunguza mambo haya wameona namna kadhaa za nyumba zinazomwandaa mtoto kuonea au kuonewa. Tutazitaja kwa kifupi, kila mtu ajipime mwenyewe kimya kimya.

Ya kwanza ni nyumba ya mkono mzito na moyo baridi. Bwana Olweus alipochunguza vijana wa Uswidi aliona mambo manne yaliyozidisha ukali wao: mlezi wa karibu kukosa upendo na kumjali mtoto, kumwachia mtoto awaumize wengine bila kumwekea mpaka, wazazi kutumia nguvu, yaani kipigo na hasira za ghafula, na tabia ya kuzaliwa ya mtoto mwenyewe, kama ni mwenye moyo wa haraka. Yasikieni hayo mawili ya katikati pamoja. Mtoto anachapwa sana, na papo hapo anaachiwa. Leo amempiga mdogo wake, hakuna asemaye neno. Kesho amevunja kikombe, anapigwa mpaka alale. Hajifunzi lililo jema na lililo baya. Ajifunza kwamba mwenye nguvu hufanya apendavyo. Tena Bwana Olweus aliona kwamba kwa vijana wale utajiri au umaskini wa nyumba haukuwa sababu. Basi tusijifiche nyuma ya umaskini wetu, wala mwenye duka asijione salama.

Ya pili ni nyumba ambamo baba na mama hupigana. Mwaka 2003 Bibi Anna Costanza Baldry wa Italia alitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi zaidi ya 1,000 nchini mwake. Waliokuwa wameona wazazi wao wakipigana walihusika zaidi katika kuonea wenzao shuleni, na jambo hilo lilionekana hasa kwa wasichana. Twalisema hili kwa kuwa wengi hudhani binti aonaye mama yake akipigwa atakuwa mpole. Sivyo. Huenda akawa yeye ndiye mwenye ulimi wa kumtenga mwenzake na kumliza.

Ya tatu ni nyumba ambamo ndugu mkubwa amepewa serikali. Sisi sote tumefanya hivyo: wazazi waenda kazini, mkubwa anaachiwa wadogo, na akiwapiga twasema anawafundisha adabu. Watafiti Dieter Wolke na Muthanna Samara waliwachunguza wanafunzi wa sekondari ya chini nchini Israel, wakatoa matokeo mwaka 2004. Katika watoto walioonewa na ndugu zao nyumbani, nusu na zaidi kidogo walikuwa pia ndani ya uonevu shuleni. Na katika wasioonewa nyumbani, walikuwa kama mmoja katika kila wanane. Mtoto aliyezoea kuinamisha kichwa sebuleni kwao huinamisha na bwenini, na wakali wa bweni humtambua siku ile ile.

Ya nne ni nyumba inayodekeza na kufunika. Hapa twaomba akina mama wasitukasirikie, maana na akina baba wamo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walizikusanya pamoja chunguzi 70 za watoto zaidi ya 200,000. Walithibitisha kwamba nyumba ya matusi, ya kipigo na ya kutomjali mtoto humweka hatarini. Lakini waliona pia kwamba mtoto anayelindwa kupita kiasi, ambaye kila jambo huamuliwa na kila ugomvi humalizwa na mzazi, naye huonewa zaidi, kwa kuwa hajapata kujifunza kusema "sitaki" kwa sauti yake mwenyewe. Na waliona kilicho dawa: wazazi wenye upendo, wanaozungumza na watoto wao, na wanaojua watoto wako wapi na wanafanya nini.

Ya tano hatukuisoma katika uchunguzi wowote, bali katika daftari la Chama. Ni nyumba iliyo mbali. Sisi tuishio Mombasa twawapeleka watoto bara, karo twailipa kwa benki au kwa simu, na wengine wetu hatujapata kuliona lango la shule. Siku ya kutembelewa inapofika, nauli ni kubwa na ruhusa ya kazi ni ngumu. Watoto wengine huletewa kuku na chapati, hukaa chini ya miti na jamaa zao. Mtoto wetu huketi bwenini akijifanya anasoma. Wakubwa huhesabu. Hujua ni nani asiyekuja kutazamwa na mtu, na huyo ndiye watakayemchukulia sabuni yake, maana hakuna atakayekuja kuuliza. Yule kijana aliyetoroka hakutembelewa hata siku moja. Yule aliyemwonea naye, katika miaka mitatu, alitembelewa mara moja.

Bwana Mwenyekiti, hatukusimama hapa kuwahukumu wengine na kujiacha. Sisi wenyewe tulipoingia shule ya sekondari ya misheni tulikuwa na miaka kumi na minne. Usiku wa kwanza tuliitwa "mono", kama waitwavyo wageni, tukaamriwa tupime urefu wa ukumbi wa chakula kwa kijiti cha kibiriti, huku wakubwa wakicheka. Hilo lilikuwa dogo. Mengine yaliyofuata hatutayataja mbele ya akina mama. Tulipofika likizo baba yetu alituuliza jambo moja tu: "Umekuwa wa ngapi?" Tukamjibu. Hatukumwambia lingine, kwa kuwa kwetu aliyelalamika aliitwa mwanamke.

Mtadhani aliyeteswa hivyo atawahurumia wadogo. Tulipofika mwaka wa tatu tulikuwa na mtumishi wetu. Kijana mdogo mwembamba, mwenye kigugumizi. Tulimfanya aseme maneno magumu mbele ya wenzetu ili wacheke. Hatukumpiga hata siku moja, na kwa hiyo tulijiona wema.

Siku moja mjomba wetu, fundi cherehani asiyesoma zaidi ya darasa la nne, alipita pale shuleni akiwa safarini. Tuliketi naye nje ya lango. Alituuliza kama twala, kama twalala, kisha akauliza, "Mpwa wangu, nani hapa anakuonea?" Tukacheka, tukasema, "Mimi sasa ni mkubwa, mjomba, hakuna." Akatutazama, akasema, "Basi nani anakuogopa?"

Hatukuwa na jibu. Na wakati ule ule yule kijana mdogo alikuja mbio kutoka bwenini akiwa ametuletea sweta, bila kuagizwa, kwa kuwa jua lilikuwa limezama naye alihofu kuadhibiwa asipoleta. Mjomba alimtazama yule mtoto, akatutazama sisi. Hakutukemea. Alimpa mtoto shilingi ishirini, akamwambia, "Ahsante, mwanangu, nenda ukapumzike." Kisha akatuaga.

Tangu siku ile hatukumwita tena yule kijana. Lakini hatukumwomba radhi, na shule tulimaliza bila kumwomba. Leo ni miaka mingi, hatujui aliko. Hilo ndilo deni letu, nalo halilipiki kwa ada ya Chama.

Twalisimulia hili kwa sababu moja. Ni mtu wa ukoo aliyetuzuia. Mwalimu hakutuona, wala adhabu haikutufikia. Alikuja mtu mmoja anayetuhusu, akauliza swali ambalo nyumbani kwetu halikupata kuulizwa. Sisi wazazi tukiuliza neno kabisa, huuliza, "Nani anakuonea?" Ni swali jema, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni hii: "Nani anakuogopa?" Kama tungaliwauliza vijana wetu wawili maswali hayo mawili likizo iliyopita, kila mmoja swali lake, huenda leo pasingekuwa na azimio mezani.

Wengine wataogopa kwamba twataka watoto waachwe bila adabu. La, hasha. Aliyeonea na aadhibiwe na shule, na amlipe mwenzake sukari yake na mkate wake kwa jasho lake. Lakini adabu haifundishwi kwa mkanda ule ule uliofundisha ukatili. Sheria ya nchi nayo imekwisha kusema. Kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na kila namna ya jeuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, yakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kwa mwili au kwa moyo, na anayevunja sheria hiyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Na mtoto asiye na wa kumwambia aweza kupiga simu nambari 116 bila malipo. Ni vema kila mtoto wetu aijue nambari hiyo kwa moyo. Lakini ingekuwa aibu kwetu kama mtoto wa Chama hiki angeona ni rahisi kumwambia mgeni katika simu kuliko kumwambia baba yake.

Sasa twaweka mbele yenu mashauri matatu.

La kwanza, azimio la kulifuta jina la yule kijana mkubwa lisipitishwe leo. Tukimfuta, atarudi katika nyumba ile ile, na mtoto wa miaka tisa ndiye atakayelipa. Twaomba wazee wawili, mmoja wa kila upande, wakae na nyumba hizo mbili. Kijana aje na baba yake kwa yule mdogo, aseme alilolitenda kwa kinywa chake, mbele ya watu wazima, asilazimishe kusamehewa. Na yule mdogo asirudishwe bweni lile wala asikutanishwe na mwenziwe mpaka mwenyewe aseme yuko tayari. Akitaka kusoma shule ya kutwa hapa Mombasa, karo yake imfuate huko.

La pili, kila mtoto anayesaidiwa na Chama apewe mlezi, kama wazee walivyofanya katika jando. Mlezi asiwe baba wala mama. Awe mtu wa Chama, ikiwezekana aishiye karibu na shule, maana tunao wanachama na jamaa huko bara wanaostaafu na kurudi mashambani. Amtembelee mtoto kila muhula, aulize maswali mawili tuliyoyataja, na aandike barua fupi kwa Chama. Nauli zake zitoke katika mfuko wa karo. Tumepiga hesabu: ni bora tupunguze fungu la mtoto mmoja kidogo kuliko kumpoteza mzima mzima.

La tatu halihitaji fedha wala kura. Kila mzazi aliye humu, likizo ijayo, amketishe mtoto wake karibu naye kabla ya kuifungua karatasi ya mtihani. Amwulize alilalaje, alikula na nani, nani humwonea, na nani humwogopa. Kisha anyamaze asikilize. Mtoto akikiri kosa, asimrukie siku ile. Aliyekiri akapigwa hatakiri tena. Na akina baba tuwaache watoto watuone tukisema "nimekosa" kwa mama zao. Hilo moja ni shule kubwa kuliko zote tunazozilipia.

Wazee wetu, Chama hiki kiliundwa ili mtu wa kwetu akifa ugenini asizikwe na wageni. Ni jambo jema, nalo tumelifanya kwa uaminifu. Lakini twakumbuka kwamba yule kijana mdogo, usiku ule alipokuwa akitembea barabarani bila viatu, alipita mbele ya nyumba za watu wawili wa Chama hiki. Hakubisha hodi. Tulipomwuliza kwa nini, alisema, "Sikujua kama ningefunguliwa."

Na ajue. Na yule mwingine naye ajue.

Twaomba radhi kwa urefu wa maneno. Tumesema, tumekoma.

(Baada ya mazungumzo haya mkutano uliliahirisha azimio la kufuta jina, likapelekwa mbele ya wazee wawili waliochaguliwa. Shauri la walezi lilikubaliwa kwa mwaka mmoja wa majaribio. Wanachama waliokubali kuwa walezi wameombwa wampelekee Karani majina yao kabla ya shule kufunguliwa.)